Kijiji Hakijengwi na Mkono Mmoja

Mwezi wa Julai mwaka 2023, mjini Berlin, nchini Ujerumani, jopo la wahakiki wa michezo ya mezani lilitoa tuzo yake kubwa ya mwaka kwa mchezo usio na mshindi wala mshinde miongoni mwa wachezaji wake. Tuzo hiyo huitwa Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, nayo imekuwa ikitolewa tangu mwaka 1979. Mchezo uliotunukiwa ni Dorfromantik, kazi ya Michael Palm na Lukas Zach, uliochapishwa mwaka 2022 na kampuni ya Pegasus Spiele. Wachezaji, kuanzia mmoja hadi sita, huizunguka meza moja na kukijenga kijiji pamoja na mashamba yake, misitu yake na vijito vyake, kigae baada ya kigae. Mwishoni wote hufurahi pamoja au wote husikitika pamoja.

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona safu hii, ambayo kwa desturi huzungumzia bei ya mazao, maji na barabara, ikigeukia mchezo wa mezani. Mshangao huo hatuulaumu. Lakini mchezo haujapata kuwa jambo dogo katika malezi ya watu. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo walipowaketisha vijana kwenye ubao wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, wajifunze hesabu, subira na kuona mbali. Aidha, mchezo huu wa Kijerumani unauliza swali ambalo nchi yetu imelijibu kwa jasho, na mara nyingine kwa machozi: je, watu hukijengaje kijiji pamoja? Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuuchungua, tukipime kile unachofundisha na kile usichoweza kufundisha.

Kigae na agizo

Kwanza tueleze jinsi unavyochezwa. Vigae vya Dorfromantik ni vipande vya karatasi ngumu vyenye pembe sita, mfano wa vyumba vya sega la asali. Juu ya kila kigae imechorwa sehemu ya nchi: nyumba za kijiji, msitu, shamba la nafaka, reli au kijito, na mara nyingi mawili matatu ya hayo kwa pamoja. Kila mchezaji, zamu yake ifikapo, huvuta kigae kimoja na kukiweka kando ya vigae vilivyokwisha wekwa. Sheria za kuunganisha si nyingi. Reli sharti iungane na reli, na kijito sharti kiungane na kijito, kwa kuwa treni haipiti msituni bila njia na maji hayakomi ghafla ukingoni mwa shamba. Upande mwingine wowote waweza kugusana na wowote, ila mwenye kuweka ovyo atayaona matokeo yake mbele ya safari.

Ugumu waletwa na maagizo. Baadhi ya vigae huja na agizo lake: msitu huu ufikie idadi fulani ya vigae, kijiji hiki kifikie idadi fulani, reli hii nayo vivyo hivyo. Wakati wote maagizo matatu huwa yanangoja mezani, na moja likitimizwa, jingine huchukua nafasi yake. Kigae kilichomo mkononi chaweza kulifaa agizo moja na wakati huohuo kikaliziba jingine. Msitu ukipanuliwa leo, shamba litakosa mahali pa kukua kesho. Rundo la vigae likimalizika, mchezo umekwisha. Hapo ndipo huhesabiwa maagizo yaliyotimizwa, pamoja na urefu wa reli na wa kijito kirefu kuliko vyote. Alama zilizopatikana huandikwa, na kadiri wenzi wanavyorudia kucheza, ndivyo wanavyoruhusiwa kufungua visanduku vilivyofungwa, vyenye vigae vipya na masharti mapya.

Msomaji ataona kwamba hakuna adui mezani. Adui ni uhaba, basi. Vigae ni vichache, nafasi ni chache, na kila kilichowekwa hakiondolewi tena. Mara nyingi hubaki pengo katikati ya vigae ambalo hakuna kigae cha kulijaza, kwa sababu watu waliharakisha kujenga pande zake bila kuwaza nini kitakuja kukaa hapo. Yeyote aliyewahi kuona kisima kikichimbwa mahali pasipostahili, kisha kikaachwa kikauke, ataelewa upesi maana ya pengo hilo.

Jina lenyewe la mchezo lina funzo lake. Kwa Kijerumani, Dorf ni kijiji, na neno zima hutaja uzuri wa kijijini kama unavyoonekana kwa macho ya mtu anayeutamani, ambaye mara nyingi ni mkazi wa mjini. Kwanza mchezo huu ulikuwa wa kompyuta, uliobuniwa na wanafunzi wanne mjini Berlin walioanzisha studio yao iitwayo Toukana Interactive. Ulitolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2021 ukiwa bado haujakamilika, na ukakamilishwa mwaka 2022. Kwenye kompyuta mtu huucheza peke yake, akijituliza roho baada ya kazi. Ulipohamishiwa mezani, vigae vilibaki na pembe zao sita na misitu ilibaki misitu. Kikubwa kilichoongezeka ni watu wa kushauriana.

Kutoka kufilisiana hadi kushirikiana

Ili tuone uzito wa ongezeko hilo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1904, nchini Marekani, mwanamke aitwaye Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo aliouita Mchezo wa Kabaila, yaani mwenye ardhi. Magie alikuwa mfuasi wa mawazo ya Henry George, aliyefundisha kwamba umaskini hukua pale ardhi inaposhikwa na wachache wanaotoza kodi ya pango bila kutoa jasho. Alitaka mchezaji ayaone kwa macho yake madhara ya mtu mmoja kuhodhi ardhi. Tena alitunga pia masharti ya namna ya pili ya kuucheza, ambamo mali ikizalishwa wote hunufaika.

Yaliyofuata yajulikana. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza mchezo wa Monopoly, uliotokana na mbegu ile ya Magie. Masharti ya kunufaika wote yakaachwa, na lile lililokusudiwa kuwa onyo likawa ndiyo furaha yenyewe: kununua mitaa, kupandisha kodi, na kumfilisi jirani hadi ainuke mezani mikono mitupu. Vizazi kadhaa vya watoto duniani vimelelewa na mchezo huo.

Hatua ya katikati ilikuja mwaka 2000, pale Mjerumani Klaus-Jürgen Wrede alipotunga Carcassonne, mchezo uliochukua jina la mji wenye ngome kusini mwa Ufaransa, na uliopata tuzo ya Mchezo wa Mwaka 2001. Humo pia huwekwa vigae, 72 kwa jumla, navyo vina miji, barabara, nyumba za watawa na mashamba. Wachezaji wote huijenga nchi moja. Walakini, kila mmoja ana vijitu vyake vya mti vya rangi yake, naye huvisimamisha juu ya mji au barabara ili kusema: hapa ni pangu. Nchi ni ya wote, lakini mavuno ni ya mmojammoja. Mtu huweza kukusaidia kuumaliza mji wako ikiwa tu naye atapata humo, na huweza kukuwekea kigae kibaya makusudi ili mji wako usikamilike kamwe. Nani asiyeijua hali hiyo? Ndiyo ya barabara ya mtaa ambayo kila mwenye nyumba huitumia, na ambayo hakuna anayekubali kumega hata hatua moja ya kiwanja chake ili ipanuke.

Dorfromantik umeichukua nchi hiyo ya vigae na kuyafanya mavuno nayo kuwa ya wote. Wala hauko peke yake. Mwaka 2008 Mmarekani Matt Leacock alitoa Pandemic, ambamo wachezaji hushirikiana kuzuia maradhi yasienee duniani, na mchezo huo ulifungua njia kwa mingine mingi. Tukiitazama tuzo ya Mchezo wa Mwaka katika miaka saba, kuanzia 2019 hadi 2025, twaona kwamba mara tano ilikwenda kwa mchezo wa ushirikiano: Just One mwaka 2019, MicroMacro: Crime City mwaka 2021, Dorfromantik mwaka 2023, Sky Team mwaka 2024 na Bomb Busters mwaka 2025. Hilo si jambo la bahati tu. Watu wanaoishi katika mashindano mchana kutwa, kazini na sokoni, wameanza kutafuta meza ambayo hawalazimiki kumshinda mtu.

Hatusemi kwamba mashindano ni dhambi. Bao ni mashindano, tena makali, na katika bao pia mchezaji anayo nyumba yake ya kuilinda. Hata hivyo twaona kwamba jamii isiyojua mchezo mwingine ila ule wa kushindana hukosa mazoezi ya kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kufanikiwa pamoja na mtu ambaye hukumchagua.

Sauti moja mezani

Hapa twafika penye kiini cha maneno yetu. Wanaoijua michezo ya ushirikiano wameiona kasoro yake moja kubwa. Mara nyingi mezani huwapo mtu mmoja hodari, mwenye hesabu nyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Yeye hukiona kigae cha mwenzake kabla mwenye zamu hajakitazama vizuri. “Weka pale,” husema, na mwenzake huweka. “Kigeuze,” na mwenzake hukigeuza. Baada ya nusu saa watu wanne wameketi, lakini anayecheza ni mmoja, na wale watatu wamekuwa mikono yake. Alama zaweza kuwa nyingi. Kijiji chaweza kupendeza. Ushirikiano, hata hivyo, umekwisha kufa, na pengine hakuna aliyeuona mwili wake.

Watunzi wa michezo wamejaribu kuutibu ugonjwa huo kwa sheria. Katika Hanabi, mchezo wa karata wa Mfaransa Antoine Bauza uliopata tuzo mwaka 2013, kila mchezaji huzishika karata zake akiwa amezigeuzia wenzake, hata wao wakaziona na yeye asizione. Hapo hakuna mtu anayejua yote, na kila mmoja humhitaji mwingine ili ajue alicho nacho mkononi mwake. Katika Sky Team, watu wawili hutua ndege pamoja, na wakati wa kupanga dadu zao hawaruhusiwi kusemezana; hushauriana kabla, kisha kila mmoja humwamini mwenzake. Sheria hizo zimetungwa kwa makusudi ili mwenye uwezo mkubwa asiumeze uwezo wa wengine.

Dorfromantik haukuwekewa kufuli la namna hiyo. Kila kitu ki wazi mezani na kila mtu hukiona kigae kilichovutwa. Tena, kama tulivyosema mwanzoni, mchezo huu waweza kuchezwa na mtu mmoja, na kijiji kikasimama vilevile. Jambo hilo latufikirisha. Ikiwa mtu mmoja aweza kuifanya kazi yote, basi neno “pamoja” limekaa wapi? Jibu letu ni kwamba halimo ndani ya sanduku la mchezo. Sanduku lina vigae. Umoja huletwa na walioketi, au hauletwi kabisa.

Kinga iliyopo ni ndogo, lakini ni ya heshima: zamu. Kigae kilichovutwa kwa zamu ya mtu ni chake kukiweka. Wenzake wana haki ya kumshauri, kumwonya, hata kumsihi. Na mezani penye adabu, neno la mwisho hubaki kwake. Akikosea, wote watalipia kosa hilo, nao watamsaidia kulirekebisha kwa vigae vinavyofuata. Mchezaji mdogo wa miaka minane aliyeachiwa kukosea mara mbili, mara ya tatu ataona mwenyewe kwamba kijito kinaelekea kuzibwa. Aliyeamriwa kila zamu hataona kitu, hata akiwa na miaka thelathini.

Kijiji chenye watu

Sasa tutoke mezani. Kwetu sisi Tanzania, maneno “kujenga kijiji pamoja” hayakuanzia dukani. Kule Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wachache walianzisha kijiji cha Litowa kwa hiari yao wenyewe, wakalima pamoja na kuamua mambo yao katika mikutano yao. Vijiji vingine vikafuata mfano huo, na mwaka 1963 ukaandikishwa Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma. Hatimaye umoja huo ulikuwa na vijiji zaidi ya kumi, ambavyo kila kimoja kilikua kadiri wanakijiji walivyokubaliana. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Ujamaa Vijijini, ambamo alisisitiza kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kujengwa kwa kulazimishana. Hujengwa na watu walioelewa na wakakubali. Wengi walikuwa wameiona Ruvuma kuwa mfano hai wa maneno hayo. Lakini mwezi wa Septemba mwaka 1969 umoja wa Ruvuma ulivunjwa kwa uamuzi wa viongozi wa chama.

Kisha ikafika Novemba 1973, ilipotangazwa kwamba wananchi wote wa vijijini sharti wawe wamehamia katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Operesheni Vijiji ikaanza kwa kasi, na mamilioni ya watu wakahama. Yafaa tuwe waadilifu katika kulisimulia jambo hili. Lengo lilikuwa jema: shule, zahanati na maji haviwezi kufikishwa kwa kila mtu ikiwa kila kaya imekaa peke yake porini, na hapana shaka watoto wengi waliingia darasani kwa sababu shule ilisogea karibu. Lakini ni kweli pia kwamba katika sehemu kadhaa watu waliswagwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Katika sehemu nyingi nyumba zilipangwa kwa mstari kando ya barabara, na mashamba yakabaki mbali. Mkulima aliyejua kila pindo la udongo wake akaonyeshwa mahali pa kukaa na mtu aliyefika jana kwa gari.

Hapo ndipo mchezo wa mezani unapofikia kikomo chake. Kigae hakina mdomo. Ukikiweka shamba mbali na nyumba, kigae hakitakuambia kwamba mama atatembea saa mbili na jembe begani, akiwa na mtoto mgongoni. Msitu wa kigae hauna makaburi ya wazee. Kijito cha kigae hakifuriki wakati wa masika. Mpangaji wa vigae anaweza kuwa mkono mmoja na asimwonee mtu. Mpangaji wa kijiji akiwa mkono mmoja, huwaonea wengi hata kama nia yake ni safi na ramani yake ni nzuri. Yule hodari wa mezani, asemaye “weka pale”, ni mtu wa kuudhi tu. Akiwa na muhuri wa ofisi, kosa lake huwa maisha ya watu.

Zamu ya mkutano mkuu

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani. La hasha. Vijiji vilivyoundwa miaka ile ndivyo vilivyokuwa msingi wa serikali za vijiji tulizo nazo leo, na kila mwaka bado twaweka vigae: pa kuchimba kisima, pa kujenga zahanati, sehemu ya malisho, sehemu ya kilimo, msitu wa kuhifadhiwa, eneo la mwekezaji. Tofauti ni kwamba sasa sheria imeweka zamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji wote, na isiigawe bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria hiyohiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na inataka wanawake watatu miongoni mwa wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji.

Sheria ni njema. Lakini tumekwisha kuona kwamba zamu yaweza kuporwa bila sheria kuvunjwa. Mkutano huitishwa kwa haraka, katika msimu wa palizi, saa ambayo akina mama wako mtoni. Ramani huletwa ikiwa imekwisha chorwa. Husomwa upesi, kwa maneno ya kitaalamu, kisha huulizwa: “Mnaafiki?” Mikono hupanda. Muhtasari huandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Huo ni uleule mchezo wa mtu mmoja uliokalisha watu mia mezani.

Ipo njia bora, nayo si ngeni. Tangu miaka ya 1980 na 1990 wataalamu wa maendeleo vijijini katika nchi nyingi wamekuwa wakiwaomba wanakijiji waichore wenyewe ramani ya kijiji chao, tena chini, mavumbini. Jivu huwa barabara, majani huwa msitu, mawe huwa nyumba, na mstari wa kijiti huwa mto. Uzuri wa ramani ya mavumbini ni kwamba asiyejua kusoma huweza kuisahihisha. Bibi huinama na kulisogeza jiwe, akisema kwamba kisima cha zamani kilikuwa hapa na wala si pale. Mfugaji huinyoosha njia ya mifugo. Kijana huonyesha mahali pavukwapo mto wakati wa mvua. Kila mmoja amepata kigae chake na zamu yake, na kosa husahihishwa lingali vumbi, kabla halijawa saruji.

Kwa hiyo tunayo maombi matatu. La kwanza ni kwa walimu na wazazi. Michezo ya namna ya Dorfromantik huletwa kutoka ng’ambo, na si kila shule itaweza kuinunua, wala hailazimu kuinunua ili kupata funzo lake. Maboksi matupu, mkasi na kalamu za rangi vyatosha. Watoto wakate vigae vya pembe sita, wachore nyumba, mahindi, mikorosho, malambo na barabara, wajitungie maagizo yao, kisha wajenge pamoja. Mwalimu asimamie jambo moja tu: kwamba mtoto hodari wa darasa ashauri asiamrishe, na mtoto mnyamavu akiweke kigae chake kwa mkono wake mwenyewe.

La pili ni kwa viongozi wa vijiji na maofisa wa wilaya. Kabla ya kupiga muhuri mpango wowote wa ardhi, wajiulize kama wakazi waliupanga au waliupigia makofi. Kipimo chake ni rahisi. Ikiwa ramani iliyotoka mkutanoni haina badiliko hata moja ikilinganishwa na ile iliyoingia, ni dalili kubwa kwamba mkutano ule haukushauriana.

La tatu ni kwa wananchi wenyewe. Zamu isiyotumiwa hupotea, na kigae kilichowekwa na mwingine kwa niaba yako hakiondolewi kwa manung’uniko ya barazani. Mkutano mkuu wa kijiji hauna budi kujazwa watu, hata kama jua ni kali na shamba linangoja. Na wale walizoea kusema sana mkutanoni, ambao kila kijiji kinao, twawasihi jambo dogo: kabla ya kusimama mara ya pili, watazame ukumbini ni nani ambaye hajasimama hata mara moja, wamwachie nafasi, na wasubiri mpaka amalize.